Shangazi wa Shamba anajibu: Siku ya mavuno ya korosho, mgeni aokote kweli

Karibuni tena wanangu. Oktoba ndo hiyo imeingia, ukitoka Mtwara mjini ukashika njia ya Nanyamba kwenda Tandahimba mpaka Newala yaani hata ukifumba macho unajua msimu umeanza, harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, inaingia mpaka ndani ya basi. Na meseji mlizonitumia mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja, hizi siku za mavuno ambazo wenzetu wa kilimohai, wanaolima bila sumu na mbolea za viwandani, wanaalika watu wa mjini na wageni wa nje waje shambani waokote korosho kwa mikono yao. Nimefurahi sana maana ni jambo ninalolipenda na nimelifanya mwenyewe kwenye shamba langu misimu kadhaa. Leo nimejibu tano.

Shikamoo shangazi. Mwaka jana mimi na wenzangu wa kazini tulikuwa wanane tukalipa hela kwenda shamba moja tuliloambiwa la kilimohai, tukaahidiwa tutavuna wenyewe. Tumefika saa tano jua la utosi tukakuta korosho kavu zimemwagwa chini ya miti mitatu, bibo hata moja hamna. Tukaokota kama dakika ishirini, tukapiga picha, afu tukakalishwa kwenye viti vya plastiki tukala wali na soda za dukani tukaondoka. Ndo inavyokuwaga au? Msomaji, Lindi mjini.

Marahaba mwanangu, na pole. Sikufichi, mliigiziwa. Korosho haianguki peke yake, inaanguka na bibo lake, sasa mkikuta korosho tupu halafu kavu, ukizitikisa zinalia, jua hizo zimeshaokotwa siku nyingi, zimenyofolewa, zimeanikwa, na mtu kazibeba kwenye ndoo kazirudisha chini ya mti ili nyie mfurahi. Inawezekana mwenye shamba hakuwa na nia mbaya, labda aliona watu wa ofisini watachukia kuchafuka. Lakini kawanyima kile kile mlichokifuata, na mimi jambo hili linaniuma kwa sababu mgeni aliyedanganywa mara moja harudi, na hata kwa mkulima mwingine mkweli haendi.

Siku yenyewe ya kweli iko hivi. Mnaingia shambani saa kumi na mbili na nusu, ikichelewa sana saa moja asubuhi, kwa sababu mwezi huu huku kwetu ikifika saa nne jua limeshakuwa kali na mabibo yaliyoanguka usiku yameanza kuchacha, nyuki na nzi wamejaa. Chini ya mkorosho mnakuta pamepaliliwa na kufagiliwa, hiyo ndo alama ya kwanza ya mkulima anayejua kazi, maana korosho ikiangukia kwenye majani inapotea au inakaa na unyevu inakuwa nyeusi. Hamkwei mti, hamchumi, mnaokota zilizoanguka zenyewe tu. Unashika bibo mkono huu na korosho mkono huu, unanyonga kidogo inatoka safi. Ukivuta kwa haraka inabaki na kipande cha nyama ya bibo, na hicho kipande ndo kinachoozesha wenzake ghalani, ndo maana ukiwaangalia kina mama waliozoea wanafanya kama hawana haraka lakini ndoo yao inajaa kabla ya yako. Zile zilizoangushwa na upepo zikiwa bado changa mnazitenga. Baada ya hapo mnaanika kwenye jamvi au sakafu safi na mwenye shamba anawawekea za leo, za jana na za juzi mzitikise sikioni moja moja. Ya leo iko kimya, ya juzi inagonga ndani ya ganda. Mtoto wa miaka mitano anaelewa hapo hapo bila kuelezwa.

Kuna hesabu huwa nawaomba wageni wangu waifanye wenyewe wakiwa wameinama. Kilo moja ya korosho ghafi nzuri ni kama punje 200. Ili upate kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, ile nyeupe ya dukani, unahitaji ghafi kilo nne hivi, mara nyingine tano. Kwa hiyo kuna mtu amenyoosha mkono chini mara 800 mpaka 1,000 kwa kilo moja ambayo wewe unainunua ukasema mbona bei. Msimu uliopita dada mmoja mfanyakazi wa mjini alifika 150 akakaa chini, akamwangalia bibi jirani yangu aliyekuwa anaokota mstari wa pili, akaniuliza huyu bibi ana miaka mingapi. Nikamwambia sabini na kitu. Hakusema tena neno mpaka tumemaliza ule mti, ila aliinuka akaendelea, na mimi kwangu ile ndo ilikuwa siku ya mavuno.

Mwaka huu kabla hamjatoa hela mpigieni mwenye shamba muulize mnaanza saa ngapi, akiwaambia saa tano tafuteni shamba lingine. Na muulize tutakula nini. Shamba likikupa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi na samaki wa Mikindani au Sudi unajua umefika mahali, wali na soda unaweza ukala popote.

Shangazi habari za siku. Nina ekari tano za mikorosho Tandahimba, tuko kwenye kikundi cha kilimohai msimu wa pili sasa. Nataka mwaka huu nialike wageni kama ishirini lakini nina hofu. Kwanza napulizia salfa, wageni wakijua si watasema mimi muongo? Pili jirani yangu anapulizia dawa za wadudu za madukani. Tatu sijui nitoze shilingi ngapi. Nisaidie shangazi yangu. Mkulima, Tandahimba.

Mwanangu hofu yako imenipa moyo kuliko barua zote, maana anayeogopa kusema uongo huyo ndo anafaa kupokea wageni.

Tuanze na salfa. Salfa asili yake ni madini, na viwango vingi vya kilimohai vinairuhusu kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriubwiri, ila kwa masharti kwamba uiandike kwenye daftari la shamba, umepulizia lini, miti mingapi, kiasi gani, na anayekukagua ajue. Usiwaambie wageni hatutumii dawa yoyote wakati Julai nzima kijiji kimekuona na mashine mgongoni. Waambie hivi hivi ilivyo, kwamba mikorosho yetu ikianza kutoa maua na machipukizi huo ugonjwa unayafunika kama unga mweupe, yanakauka na korosho haishiki, kwa hiyo tunapulizia kama robo kilo kwa mti mkubwa kila mzunguko, na mpaka mwezi huu wa kumi kazi hiyo imeshaisha. Wageni wanaelewa. Mimi nawaonesha hata tawi lililougua, nalihifadhi makusudi.

Na ukiwa na mzee karibu mwite asimulie. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilitoa korosho tani kama 145,000 halafu ikaporomoka vibaya sana, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mashamba yakabaki mbali, bei nayo haikuwa inamtia mtu moyo, ubwiriubwiri ukaja kumalizia, na ni miaka ya themanini ndo salfa ikaanza kutumika huku kusini mikorosho ikaanza kuamka taratibu. Wazee wa Tandahimba na Newala wanakumbuka mashamba yaliyogeuka pori. Mgeni akisikia hiyo kutoka kwa mtu aliyeiona, akiwa amekaa chini ya mkorosho ule ule uliopona, inakaa kichwani kuliko bango lolote utakalopachika.

Kitu ambacho ndo hasa kinatofautisha shamba lako ni upande wa wadudu. Mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanakuwa meusi kama yameungua, wenzako wengi wanamalizana naye kwa dawa za maji. Sisi tunao majimoto. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo pale Naliendele, Mtwara, wamewafanyia utafiti hawa siafu wekundu wanaoshona majani kujenga viota, wanawinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wafyonzaji, na mkulima akiwatunza hana haja ya kununua sumu. Wengine wanafunga kamba kutoka mti hadi mti ili majimoto wapite bila kushuka chini, na ukipogolea unaacha matawi yenye viota. Waoneshe wageni kiota, waoneshe kamba, waambie ukipulizia sumu ya wadudu mara moja tu umewaua hawa walinzi wako na mwakani utanunua sumu tena. Hapo watu huwa wanauliza maswali mpaka chakula kinapoa.

Jirani ni jambo la kuongea naye siyo kugombana naye. Mwombe akipulizia aangalie upepo, akujulishe siku. Mstari wako wa mpakani uache kama kinga, korosho za mstari huo ziokote mbali, gunia mbali, usizihesabu kuwa za kilimohai. Wageni wakipita hapo waambie hivyo hivyo. Nimeona watu wanaficha mstari wa mpakani kama aibu, mimi nasema huo mstari ndo unaowafanya wakuamini kwenye mistari mingine yote.

Kuhusu cheti uwe makini na maneno. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimohai tangu 2007, na ile nembo ya Kilimohai anaitumia aliyekaguliwa, iwe na kampuni ya ukaguzi au na kikundi kinachokaguana chenyewe kwa utaratibu unaotambulika. Kama nyie bado mko kwenye kipindi cha mpito, yaani mnageuza shamba liwe la kilimohai na cheti bado, sema tuko kwenye mpito. Hakuna mgeni atakayerudi nyumbani kwa sababu umesema mpito.

Sasa hela. Siwezi kukupangia bei mwanangu lakini hesabu hivi: chakula cha watu ishirini, posho ya vijana wawili watatu wa kuongoza, maji mengi ya kunywa, na nusu siku yako ya kazi iliyopotea. Ndiyo, iliyopotea, usijidanganye kwamba wageni watakuvunia. Wanaokota polepole, wanasimama kupiga picha, wanauliza, na kazi yao lazima urudie. Wanalipia kujifunza. Ukiwaza wao ni vibarua wa bure utaanza kuwaharakisha na siku itaharibika.

Na nikwambie lililonikuta mimi mwaka wa kwanza. Niliwaacha vijana wa kikundi kimoja wakatikisa matawi kwa sababu walikuwa wanacheka wamefurahi nikaona nisiwakatishe. Zikashuka korosho changa za kijani ndoo karibu mbili, hazikaushiki vizuri, zinasinyaa, ghalani wanazitupa daraja la chini. Mume wangu hakunigombeza ila alizikusanya moja moja kimya kimya mpaka jioni. Tangu hapo kabla mtu hajavuka uzio namwambia, hapa hatutikisi wala hatupopoi, mti ukiwa tayari unatoa wenyewe. Wageni ishirini kwa mara ya kwanza mimi naona ni wengi, anza na kumi.

Halafu umeniuliza mwishoni kwenye ile meseji ya sauti kuhusu Mjerumani aliyekuandikia akitaka siku ya mavuno ya vuli. Kamusi zetu zinawachanganya, vuli yetu ni mvua, na huku kusini hata hiyo mvua ya vuli hatuna, tuna msimu mmoja tu unaoanza Novemba Desemba huko. Yeye anamaanisha majira yao ya Septemba mpaka Novemba, majani yanapodondoka, wanavuna matofaa, maboga na viazi, makanisani wana ibada ya shukrani ya mavuno Jumapili ya kwanza ya Oktoba, na mashamba mengi yanafungua mageti watu waje na watoto. Imetokea tu kwamba miezi yao na ya korosho zetu imeangukia pamoja, kwa hiyo mwambie aje, na umweleze mapema kwamba hakuna baridi.

Shangazi shikamoo, mimi mama wa watoto wawili, miaka 6 na 9, tunakaa Mtwara mjini. Shule yao inawapeleka siku ya mavuno ya korosho. Bibi yao anasema korosho mbichi inababua nisikubali. Na huyu mdogo karanga zinamtoa vipele. Nifanyeje? Mama wawili, Shangani.

Marahaba. Bibi yao yuko sahihi kabisa, ila haina maana wasiende, ina maana waende na mtu mzima anayejua.

Ganda la korosho lina mafuta makali katikati ya tabaka zake. Ganda likiwa zima halina shida, mtoto anaokota, ananyofoa, anacheza nayo. Shida ni akiling'ata au akiligonga kwa jiwe aone kilichomo, na watoto ndo tabia yao hiyo. Mafuta yakigusa mdomo au mkono yanachubua, mara nyingine malengelenge yanatokea kesho yake kabisa ukashangaa yametoka wapi. Yakigusa ngozi osha saa hiyo hiyo kwa maji mengi na sabuni, asijifute macho, na yakiwa mdomoni au machoni usikae nyumbani kupaka vitu, nenda hospitali. Kwenye kubangua wanaobangua wapakwe mafuta ya nazi au majivu mikononi au wavae glavu, na kwa umri wa wako waangalie tu.

Wakati wa kuchoma ndo uwe mkali zaidi. Zile za kuchoma kwenye bati juu ya moto, mafuta yanashika moto ghafla na moshi wake unawasha macho na koo, sio moshi wa kuni huu. Watoto wakae mbali upande unakotokea upepo. Nimeona mahali watoto wamesimamishwa duara kuzunguka bati ili video itoke vizuri, nikawaondoa mwenyewe japo halikuwa shamba langu.

Huyu mdogo wa vipele usimpeleke kabla hujamwona daktari. Karanga na korosho ni vitu viwili tofauti lakini kuna watoto wanaodhurika na hiki na wakadhurika na kile pia, na korosho inaweza kumletea mtu hali mbaya sana ya kubanwa pumzi kwa punje moja. Daktari akisema hapana basi ni hapana, hata akilia. Wa miaka 9 aende, na umvalishe nguo ya zamani kwa sababu maji ya bibo yakikauka kwenye kitambaa doa halitoki, nishajaribu kila sabuni. Mabibo yenyewe aonje, yana vitamini C nyingi kupita chungwa. Yakimkwaruza koo waambie walimu wayakate wayaloweke kidogo kwenye maji ya chumvi kabla ya kukamua, ule ukakasi unapungua.

Mambo shangazi, mimi mwanachuo. Nikiokota kilo zangu kumi kwenye siku ya mavuno si naweza kumlipa mkulima nikaondoka nazo nikakaange hosteli? Mbona naambiwa ni kosa? Mwanachuo, Mtwara.

Poa mwanangu. Ni kosa ndiyo na usimwingize mkulima wa watu matatizoni. Korosho ghafi inauzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, inaenda ghalani, inauzwa mnadani kwa stakabadhi, mfumo ambao huku umeanza msimu wa 2007/08. Ukimpa mkulima hela mkononi shambani ukaondoka na ghafi hiyo ndo kangomba yenyewe, ule ununuzi wa kificho nje ya mfumo, hata kama wewe nia yako ni kukaanga. Najua unaona kilo kumi ni kidogo lakini huyo anayenunua magunia usiku naye alianza kwa kusema ni kidogo, na anayeumia ni mkulima mwenye shida ya ada au ya msiba anayeuza kwa kipimo cha bakuli lisilo na uzito unaoeleweka.

Kilichobanguliwa ni kitu kingine. Kina mama wengi wana vikundi vya kubangua, nunua kwao, pakiti zao ziko tayari na hela inakaa kijijini. Na utaepusha huo moto wa kuchoma korosho hosteli, soma nilichomjibu mama wa Shangani.

Shangazi nakuja kutoka Dar kwa ajili ya siku ya mavuno wiki ijayo, nivae nini na hao majimoto wanauma kweli? Msafiri, Temeke.

Wanauma, na wakiuma wanamwaga na asidi juu ya kidonda, kwa hiyo suruali ndefu uiingize kwenye soksi, shati la mikono mirefu, kofia, viatu vya kufunika siyo ndala, na usiegemee shina hata ukichoka. Akikupanda usimpige, mfute kwa mkono wa haraka. Manukato acha nyumbani, nyuki wameshajaa kwenye mabibo.

Kutoka Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560, kwa hiyo usipange kushuka stendi jioni na kesho alfajiri uko shambani, njoo siku moja kabla ulale. Beba chupa yako kubwa ya maji, hasa kama shamba ni la juu uwanda wa Makonde, kule maji ni ya shida, wenyeji wanayafuata mbali na siyo vizuri mgeni ukawa wa kwanza kuyamaliza. Ukifika wasalimie wazee kwanza kabla ya kutoa simu ya picha. Na gunia ukipewa kushika likiwa la katani shika vizuri, ukiona mtu anakuletea salfeti ya plastiki mwulize mbona, korosho kwenye plastiki inatoka jasho inaharibika, mkulima atakupenda kwa swali hilo.